Maombi 61, intavyuu moja: ualimu nimeacha, kwenye ugavi sijapokelewa

BARUA

Shikamoo Anti. Jina langu naomba ulifiche, niite tu Mwalimu wa Mbagala. Nina miaka 33, nimeolewa, watoto wawili. Nimefundisha shule ya msingi ya binafsi, inglishi midiamu, miaka saba, Hisabati na Sayansi, na sikua mwalimu mbaya maana wazazi walikua wananifata mpaka nyumbani niwafundishe watoto wao tuisheni. Ila mshahara ulikua unachelewa, kuna kipindi tulikaa miezi mitatu hatujaona kitu, nauli ya daladala naazima kwa mama ntilie wa getini, nikaona hapa nitazeeka vibaya. Nikajiunga chuo masomo ya jioni, nikaanza cheti nikaunganisha diploma ya ununuzi na ugavi, natoka shule saa kumi nadandia gari mpaka mjini, narudi nyumbani saa nne usiku watoto wameshalala. Mwaka jana nimemaliza, Desemba nikaacha shule.

Anti tangu Januari nimetuma maombi 61, najua idadi kwa sababu naandika kwenye daftari. Nimeomba kila kitu, afisa ununuzi, meneja ununuzi, karani, mapokezi, kastama kea, popote nilipoona tangazo. CV alinitengenezea kijana wa steshenari hapa Rangi Tatu kwa elfu tano, ina kurasa tano na picha, Kiingereza chake cha juu sana, mengine hata mi mwenyewe siyaelewi vizuri. Barua nabadilisha tarehe na jina la kampuni naskani kwa simu natuma. Kuna kampuni moja walinijibu, kwa ustaarabu tu, kwamba barua yangu imeandikwa kwa mkurugenzi wa kampuni nyingine. Siku ile sikula.

Intavyuu nimeitwa moja tu, kiwanda kimoja barabara ya Nyerere. Wakaniuliza kwa nini umeacha ualimu. Anti nilijikuta namwaga yote, mishahara, kufokewa, mpaka habari za stoo. Maana pale shule mtunza stoo alipoondoka nilibebeshwa mimi hiyo stoo mwaka mmoja na miezi nane bila nyongeza hata ya shilingi mia, napokea unga, maharage, mafuta, chaki, madaftari, naandika kwenye kitabu, mwisho wa mwezi nahesabu, na vipindi vyangu viko palepale. Siku moja gari imeleta viroba vya sembe, karatasi inasema 20, mi nimehesabu mara mbili ni 18, nikagoma kusaini. Mwenye shule akanifokea mbele ya wapishi kwamba nachelewesha chakula cha watoto. Dereva alipopiga simu godauni kumbe viroba viwili vilibaki kule kule. Hakuna aliyeniambia samahani. Yote hayo niliyasema kwenye intavyuu machozi yananilenga, wakaniambia asante tutakupigia, mpaka leo.

Sasa naomba unisaidie. Shoga angu ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo, anasema anipe barua yenye muhuri kwamba nimefanya kwake ununuzi miaka miwili, nikubali? Na ualimu niutoe kwenye CV maana naona ndo unaniangusha? Alafu mwezi wa tatu nilituma elfu hamsini kwa kaka mmoja wa kwenye grupu la WhatsApp la ajira, alisema ana nafasi bandarini, sasa hivi anataka elfu themanini nyingine ya kupima afya. Na fomu zinazouliza unataka mshahara kiasi gani huwa naacha wazi, sijui niandike nini. Mume wangu hanisemi vibaya lakini kila shule ikitangaza nafasi ananitumia lile tangazo, nami nikiliona tumbo linanikata.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye viroba vya sembe nasimama hapohapo.

Mimi nimekaa upande wa kupokea maombi miaka 14, hapahapa Dar, nimeajiri watu wa stoo na wa manunuzi, na kuna waliokaa wakapanda vyeo na kuna walioondoka na polisi. Kwa mtu wa stoo kitu nilichokua nakitafuta kabla sijaangalia hata cheti ni hiki: karatasi ikisema 20 na mzigo ukiwa 18, na bosi amesimama pale anafoka, na wapishi wanasubiri, huyu mtu atasaini au hatasaini? Maana akishasaini tu basi, vile viwili kampuni imevilipa, na kesho msambazaji anajua hapa wanasaini bila kuhesabu, ataleta 17. Wewe hukusaini. Ulikua na vipindi vyako, hulipwi nyongeza, unafokewa mbele za watu, na bado hukusaini. Alafu kitu kama hicho umeenda kukiweka kwenye kapu la manyanyaso, ukakisimulia kwenye intavyuu huku unalia, na kwenye CV sina shaka hakipo kabisa kwa sababu kijana wa steshenari hakukijua na wewe hukumwambia.

Hapo ndo pana shida yako kubwa mwanangu, mengine yote ntakayoyasema yapo ila hayafikii hapo. Unaomba kazi kama mtu asiye na uzoefu anayetaka ahurumiwe, wakati una miezi ishirini ya kazi yenyewe.

Hebu tuchukue hiyo stoo tuitaje kwa majina ya watu wa ugavi. Gari likifika ulikua unashika delivari noti, ile karatasi inayokuja na mzigo, unalinganisha na mzigo wenyewe, na kama shule ilikua inatoa LPO, yaani oda ya ununuzi ya maandishi, basi na LPO pia. Huko ni kupokea na kukagua mzigo. Kile kitabu chako ndo leja, na kama ulikua na kadi kwa kila bidhaa, hii ya maharage hii ya mafuta, unaandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, hiyo ni bini kadi. Kuhesabu mwisho wa mwezi ni stoku teki. Na bila shaka ulikua unamwambia mwenye shule maharage yamebaki ya wiki moja aagize, huko ni kujua kiwango cha kuagiza tena kabla mzigo haujaisha, mtihani wa chuo umekuuliza hilo ukalijibu kwa fomula, na pale shule ulikua unalifanya kwa macho kila Ijumaa. Wanafunzi wangapi walikua wanakula? Unaijua idadi, iandike.

Kwa hiyo kwenye CV cheo chako kibaki Mwalimu, usijiite stoo kipa maana mkataba wako hausemi hivyo, ila chini ya ualimu fungua mstari mwingine unaosema jukumu la ziada: msimamizi wa stoo ya shule, miezi 20, alafu uandike ulichofanya kwa vitendo, nilipokea na kukagua mizigo ya chakula na vifaa kwa shule ya wanafunzi kadhaa, nilitunza leja, nilihesabu stoo kila mwisho wa mwezi, niligundua upungufu wa viroba 2 kati ya 20 kabla ya kusaini mapokezi na upungufu ukathibitishwa na msambazaji. Huo mstari wa mwisho ningeuona mimi ningekupigia simu siku hiyohiyo. Na uweke juu, ukurasa wa kwanza, usiuzike chini ya shule ya msingi uliyosoma.

Ualimu usiutoe. Ukiutoa unabaki na tundu la miaka saba, na mtu anayesoma CV akiona tundu haulizi, anaiweka pembeni anachukua nyingine. Ila upunguze, mistari mitatu inatosha, masomo uliyofundisha, darasa lilikua na watoto wangapi, basi. Mwalimu wa Hisabati anayekuja ugavi ana maana kabisa kwa anayejua kazi yenyewe, kazi hii ni hesabu na kumbukumbu.

Sasa uthibitisho. Ulipoacha shule Desemba walikupa cheti cha utumishi? Najua jibu, shule nyingi hawatoi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti hicho kazi inapoisha, na hilo halitegemei mmeachana vizuri au vibaya. Kina fomu yake ya kisheria inayotaja muda na kazi uliyokua unafanya. Andika barua ya heshima, fupi, usitaje mishahara hata neno moja, uombe cheti cha utumishi na uombe kitaje jukumu la stoo. Mwenye shule akigoma kutaja stoo, mwalimu mkuu alikua anaiona ile stoo kila siku, muombe awe mdhamini wako na umwambie kabisa wakimpigia wataulizia nini. Watu wengi wanaandika wadhamini bila hata kuwataarifu, unampigia mtu anasema huyo nani? aah yule, sijui yuko wapi siku hizi. Unadhani nilikua nafanya nini baada ya hapo.

Hii inanileta kwenye barua ya shoga yako wa Kariakoo. Kataa, na umwambie asante kwa moyo wake. Nisikilize kwa nini. Hizo barua tunazipigia simu, alafu kwenye intavyuu tunauliza vitu vidogo tu, mlikua mnachukua waya kwa nani, mzigo ukija na kasoro mnarudisha kwa utaratibu gani, nani alikua anasaini malipo, na mtu ambaye hajakaa pale hata wiki anaanza kuangalia dari. Na hii ni kazi ya kushika mali za watu, ukikamatwa na barua moja ya uongo hakuna atakayeamini leja yako. Unakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, watumishi wa umma 9,932 waliondolewa kazini, wengine walikua na miaka ishirini ya kazi, kwa karatasi moja tu ya kughushi. Kughushi ni kosa la jinai na aliyegonga muhuri naye yumo. Lakini hata pasingekua na sheria, mwanangu, una miezi ishirini ya kweli, hiyo miaka miwili ya uongo unaitakia nini?

Shoga yako kama anataka kukusaidia kweli muombe akupe Jumamosi mbili tatu uende dukani kwake ukamhesabie mzigo na umpangie leja. Hapo hata ukiandika kwamba umefanya naye kazi ya muda mfupi ni kweli, na utajua Kariakoo mzigo unavyonunuliwa, elimu ambayo chuo hakina.

Kuhusu yule kaka wa grupu, usitume hata senti. Kazi haiuzwi fomu wala kipimo cha afya kwa mtu asiye na ofisi, mwajiri wa kweli akitaka upime afya anakuandikia barua ya ajira kwanza na anakuambia hospitali gani, hakutumii namba ya simu ya kulipia. Na nafasi za Mamlaka ya Bandari, kama za taasisi nyingine za umma, zinatangazwa wazi na zinapita Sekretarieti ya Ajira kwenye tovuti yake ya Ajira Portal ambako kuomba ni bure. Ule ujumbe wake uforwadi kwenda 15040, ni namba ya kuripoti matapeli wa simu, fata maelekezo yao uweke na namba yake, na kama ulishampa picha ya kitambulisho chako cha NIDA nenda na polisi ukaandikishe ili siku akikitumia vibaya uwe na rekodi. Elfu hamsini imeuma najua, ilikua ya mtu asiye na mshahara. Usiifukuzie kwa elfu themanini.

Hiyo portal umejiunga? Kama bado jiunge wiki hii, na usome tangazo lote mpaka mwisho kabla hujabonyeza. Wanasema wazi testimonio na hati za matokeo hazikubaliki, wanataka vyeti vyenyewe, nakala zithibitishwe na wakili, cheti cha kuzaliwa kiwepo, barua iwe na saini yako, na umri usizidi miaka 45 kwa hiyo wewe bado uko ndani. Watu wanaanguka kwa vitu hivyo vidogo na wanalaumu kujuana. Angalia sana majina. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na NIDA ina matatu, au umeanza kutumia jina la mume sehemu moja na la baba sehemu nyingine, kamuone wakili akutengenezee hati ya majina, hilo limewatoa watu wengi sana.

Turudi kwa kijana wa steshenari. Simlaumu, yeye ana CV moja anaibadilisha jina, kwa siku anatengeneza kumi. Ila mimi niliyekaa upande wa pili nilikua nazifungua hizo kumi zote. Aya ya kwanza ni ileile neno kwa neno, eti mtu mwenye bidii anayetafuta mazingira yenye changamoto, mpaka koma ziko sehemu moja. Ukiona ya tatu unajua zimetoka meza moja, na wala hukumbuki jina la yeyote. Alafu anakuwekea dini, hali ya ndoa, hobi ni kuangalia mpira na kusafiri, urefu wako, mambo ambayo mtu wa godauni hayamsaidii kitu. Kaa mwenyewe na daftari uandike upya, kurasa mbili, kwa maneno unayoyajua. Tangazo likiwa la Kiingereza jibu kwa Kiingereza, lakini chepesi, kile unachoweza kukirudia kwa mdomo wako wakikuuliza. Nilishawahi kumuuliza dada mmoja maana ya neno lililokua kwenye CV yake mwenyewe, mstari wa pili tu, akanyamaza, na mpaka leo ule ukimya naukumbuka kwa sababu dada wa watu alikua anajua kazi.

Faili liite jina lako na kazi unayoomba. Siku ya mwisho ya maombi nilikua na mafaili mia mbili, nusu yake yanaitwa CV na nusu yanaitwa skani sijui namba ngapi, ukishayadaunlodi hujui lipi la nani. Weka barua, CV na vyeti kwenye PDF moja kama hawajasema vinginevyo, zisiwe picha za simu zenye kivuli cha kichwa na kitambaa cha meza. Kichwa cha imeili kiwe jina la nafasi na namba ya kumbukumbu kama tangazo linayo. Na ndani ya imeili andika japo mistari mitatu ya salamu na unachoomba, usitume viambatanisho vitupu.

Ila barua ndo usiibadilishe tarehe tu, yaliyokukuta umeyaona. Kila kampuni barua yake, inayochukua vitu viwili vitatu kutoka kwenye tangazo lao na kuvijibu kimoja kimoja. Wamesema wanataka mtu wa kupokea mizigo na kutunza kumbukumbu? Aya nzima waambie ya stoo na ile siku ya viroba. Wakisema wanataka anayejua kompyuta waambie unatumia Excel kufanya nini, na kama hujui kutumia Excel vizuri hapo ndo pa kupeleka nguvu kuliko kutuma maombi ya 62. Barua ya namna hiyo inachukua jioni nzima, kwa hiyo hutatuma sitini kwa miezi michache, utatuma nane, labda kumi. Sawa tu.

Na hizo nane zichague. Umeomba meneja ununuzi, mapokezi, kastama kea. Anayetaka meneja anataka mtu aliyeongoza wenzake, hatakusoma, na wa mapokezi akiona diploma ya ugavi anajua utamkimbia baada ya miezi mitatu. Tafuta karani wa stoo, stoo kipa, ofisa ununuzi msaidizi, karani wa manunuzi. Ziko wapi? Barabara ya Nyerere kuanzia Tazara kwenda mbele, Chang'ombe, Vingunguti, Mikocheni viwandani, Kurasini kwenye mabandari kavu, hospitali binafsi zina stoo za dawa na za vyakula, hoteli, saiti za ujenzi, na usisahau shule kubwa za bweni, zinalisha watoto mia nane kwa siku na zinatafuta mtu anayeelewa shule na anayeelewa stoo, sasa niambie mjini hapa wako wangapi wa hivyo. Hapo mume wako anaweza kukusaidia sana, akiendelea kukutumia matangazo ya shule mwambie akutumie yale ya stoo na manunuzi.

Kuna mambo mawili ya fani yako ambayo wengi wanaotoka chuo wanayaacha. La kwanza ni PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, fani hii ina usajili kisheria, ingia kwenye tovuti yao uangalie mwenye diploma anasajiliwa daraja gani, na hata kama bado hujakamilisha andika kwenye CV kwamba usajili unaendelea, iwe kweli lakini. La pili, angalia madaftari yako ya chuo kama yanasema Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011. Hiyo imefutwa, ipo ya mwaka 2023, na manunuzi ya serikali sasa yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Ukienda intavyuu ukaitaja TANePS kana kwamba bado ipo umejichoma mwenyewe. Na usidhani NeST ni ya serikali peke yake, kampuni binafsi inayotaka kuuzia serikali hata madaftari lazima ijisajili humo na iombe tenda humo, na nyingi hazina mtu anayeuelewa. Kaa uusome, maelekezo yapo wazi.

Intavyuu. Wakikuuliza tena kwa nini umeacha ualimu, na watakuuliza, usimtaje mwenye shule. Najua alikukosea, nakuamini, kukaa miezi mitatu bila mshahara na watoto nyumbani si kitu cha mchezo na una haki ya kuumia. Lakini wale walio mbele yako hawamjui, wanakuona wewe tu, na kila unavyomsema wanajiuliza na sisi atatusema wapi. Sema hivi, kwa sauti yako: nilifundisha miaka saba, katikati nikapewa stoo ya shule nikaiendesha miezi ishirini, nikagundua kazi ile naipenda na naiweza, nikaenda kusoma diploma yake jioni huku nafundisha, nikamaliza, ndo nimekuja. Hakuna uongo hata mmoja hapo, na kila neno linakupandisha. Wakikuuliza utupe mfano, wape viroba. Taratibu, bila kumtaja aliyekufokea. Karatasi 20, mzigo 18, nilihesabu mara mbili, nikamwambia dereva apige simu godauni, sikusaini mpaka tukapata jibu. Ukifika hapo nyamaza uwaache waulize. Jizoeze kuisimulia kwa mume wako jikoni mpaka uweze kuimaliza bila kulia, mara ya kwanza utalia na hakuna ubaya.

Na mshahara usiache wazi. Ukiacha wazi anaandika mwajiri. Ulizia watu watatu wanaofanya kazi ya aina hiyo, wanachuo wenzako wameshaanza kazi wapo, uliza kwa adabu wanaanza na ngapi, alafu upige hesabu ya kitakachofika mfukoni: NSSF kwa kawaida unakatwa asilimia 10, kodi ya PAYE inaanza mshahara ukizidi 270,000 kwa mwezi, na kama ungekua na mkopo wa elimu ya juu ungekatwa asilimia 15. Baki hiyo toa nauli ya kutoka Mbagala mpaka hicho kiwanda kwenda na kurudi siku ishirini na sita, maana stoo nyingi Jumamosi zipo wazi. Ukijua namba ambayo chini yake utakua unafanya kazi kwa kuwalipa wao, andika iliyo juu yake kidogo, na useme kama hiyo ni kabla ya makato.

Anza na mwalimu mkuu. Mpigie leo kabla shule hazijafunga, wakishafunga wengi wanaenda makwao na simu hazipatikani.